Kaka Aliyebaki Njia ya Bujumbura

Kaka yangu alikuwa dereva wa masafa marefu. Alichukua mizigo bandarini Mombasa, akaiacha barabara ya Nairobi pale Voi, akapita Mwatate na Bura hadi kwetu Bomeni, mjini Taveta, kisha akavuka mpaka kuelekea Arusha, Singida, Kahama, mpaka Bujumbura. Njia ya Voi hadi Taveta ilipowekwa lami, mama alifurahi kwamba mwanawe angekuwa akila chakula cha nyumbani kila safari.

Safari moja lori lilirudi likiendeshwa na mtu mwingine. Utingo wake alishuka akatuambia kwamba kaka alishikwa na homa kali, wakamwacha katika hospitali ndogo ng'ambo ya mpaka wa Burundi, kwa sababu mzigo ulikuwa unasubiriwa. Simu yake na karatasi zake zote zilisahaulika ndani ya lori. Utingo alimkabidhi mama vitu hivyo huku akiangalia chini.

Nilifunga safari. Nilikuwa sijawahi kufika mbali kupita Moshi. Nilipita miji aliyokuwa akinisimulia, na njia nzima nilipanga jinsi nitakavyomrudisha: alale kwenye viti vya nyuma vya basi, nimtafutie uji kila tunaposimama.

Hospitalini, muuguzi mmoja aliyejua Kiswahili alinisikiliza, akaniomba nikae. Alisema mgonjwa huyo hakupata fahamu hata ya kutaja jina lake. Walingoja jamaa zake, hawakutokea, akazikwa. Alinipeleka mwenyewe makaburini. Kulikuwa na matuta ya udongo mwekundu, mengi mapya, bila msalaba hata mmoja. Nilimwuliza la kaka ni lipi. Alisema hajui, na waliozika nao hawakumbuki.

Nyumbani, mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata udongo hukuniletea?"

"Ningechota wapi, mama? Sijui amelala wapi."

Watu wa kanisa walikuja wakaimba. Mchungaji alitaka tufanye ibada ya mazishi hivyo hivyo bila mwili. Mama alikataa. Baadaye watu wakaacha kuja, na mwenye lori akapata dereva mwingine.

Mwaka huu kitinda mimba wetu, aliyetafuta kazi Taveta na Voi akakosa, ameanza kujifunza kuendesha malori. Nilipopinga, mama aliniuliza kama nina kazi nyingine ya kumpa. Sikuwa nayo.