Kiuno cha Pini

Usiku ule mama hakupata hata lepe la usingizi. Simu aliilaza kifuani, akaisubiri kama anayesubiri hukumu. Mwanawe alikuwa hospitali kubwa ya mbali, na majibu ya vipimo yalitarajiwa jioni ile. Kijana huyo alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Pini, kwa wembamba wake na kwa pini alizozoea kuzibana midomoni. Safari zote za nyuma mama ndiye aliyempeleka. Hii alikwenda na mjomba wake, maana mama alikuwa hoi kwa homa.

Mwaka mzima Pini aliumwa kiuno. Ndivyo mama alivyojua, na ndivyo alivyowaeleza madaktari, kwani yeye ndiye aliyekaa kiti cha mbele ya daktari na kujibu kila swali. Maumivu yakimshika, kijana huacha suruali ya mtu haijapindwa, akakimbilia bafuni na kujifungia. Mama hugonga mpaka vidole vikamuuma, naye hujibu huku ameuma meno, "Kiuno, mama." Baada ya dakika chache hutoka kalowa jasho, mzima wa afya. Amepigwa picha za mgongo, amechuliwa, amefungwa mkanda, amelazwa sakafuni bila godoro. Wapi.

Simu haikulia. Asubuhi mjomba aliingia peke yake. Pini kapitia kwenye kibanda chake cha kushonea, alisema, kisha akakaa na kuutazama ukuta.

"Dada, kiuno hakijawahi kumuuma."

Mama alidhani ni homa inayomchezea masikio.

"Anaumia njia ya haja kubwa. Ndani kabisa. Kama kisu, halafu kinapotea."

"Mbona hakusema?"

"Angesemaje, na wewe umekaa pale?"

Mjomba akaeleza yaliyobaki taratibu. Daktari alimpima kwa kidole, akamwangalia na kwa kamera. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda. Ni misuli ya huko chini inayokaza yenyewe, kama mguu unavyokaza mtu akiwa usingizini. Haiui. Kwa nini inakaza, haijulikani, na huenda ikarudi. Ikirudi, akalie beseni la maji ya vuguvugu, avute pumzi, asubiri ipite.

"Ule mkanda nipe mimi," akamalizia, "nibebee magunia."

Mama hakucheka. Alikuwa bado anakiona kile kiti cha mbele.

Maumivu yalirudi wiki ileile, mchana. Pini alikuwa anashonea nyumbani. Cherehani ikanyamaza ghafla, komeo la bafu likapigwa. Mama akafika mbio, ngumi juu, tayari kugonga. Akaishusha. Akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akaliweka chini.

"Baba, maji yapo mlangoni. Mimi naenda jikoni."

Akaenda kweli, akiburuta ndala ili asikike anaondoka. Akasimama jikoni kashika sufuria tupu. Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka kidogo, na beseni likaburutwa kuingia ndani.