Beji ya Waziri

Kiti chenye bendera ya Albania kilikuwa kitupu asubuhi ile, na ukumbi wa mkutano wa mataifa katika hoteli pale West Bay, mtaa wa ughaibuni tulikofanya kazi, ukapwaya. Waziri wa nchi hiyo, mwanamke, alizoea kuwahi kabla ya wote, akitusalimu sisi walinzi kwa majina. Jana yake wakubwa wa chama chake walimpigia simu: auondoe muswada wa kuwalinda wanawake wanaopigwa, au uwaziri umwishie. Alikataa, na usiku uleule wakamfuta. Sasa alisimama mlangoni, vidole vyake virefu vikifungua beji ya mkutano taratibu ili airudishe.

"Ingia tu, Mheshimiwa," mlinzi mwenzangu Philipo akamwambia. "Kwani nani ataniuliza?"

"Watakufukuza, Philipo. Wa kufukuzwa anatosha mmoja."

Akacheka, akatushika mkono, akaondoka. Siku hizi ni wakili mjini Shkodër, kwao Albania, na wateja wake ni wanawake wanaopigwa.