Jicho la kushoto liliniacha bila kuaga

Leo nimejua mimi ni mtu wa jicho moja. Msicheke.

Mnanijua. Mimi ndiye nilikuwa naona sungura akipepesa macho ng'ambo ya bonde, hapa Kuresoi.

Asubuhi mimi na mke wangu tumempeleka mama yangu kanisani, kuna daktari wa macho amekuja. Mama hupimwa kila mwaka. Mimi, sijawahi.

Nikamwambia daktari, "Nipime pia, uone jicho safi linakaa aje."

Akaniziba la kulia. "Soma, mzee."

"Nisome nini na umezima stima?"

Watu wakacheka. Daktari hakucheka.

Akasema ni presha ya jicho. Haiumi, inakula tu polepole. Nuru iliyoenda haitarudi, dawa ni ya kulinda hili limebaki.

Nikamgeukia mke wangu. Akainamisha kichwa.

"Baba Chebet, misimu miwili nachagua viazi vya mbegu upya nyuma yako. Kwa upande wa kushoto ulikuwa unaacha vilivyooza. Niliogopa utakasirika."

Kweli, ningekasirika.

Kurudi nyumbani, mama wa miaka themanini ndiye amenishika mkono kuvuka barabara.

Wewe unayesoma, ziba jicho moja, halafu lingine. Halafu uende upimwe hata kama unaona.