Kaka Espoir na kosa alilokataa lifichwe

Nimeambiwa Jumamosi, tumemzika jana, na bado nakataa. Msiniandikie kwenye comments kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Najua. Leo niacheni ninune.

Kwa msiomjua: Kaka Espoir, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu wa meza ofisini Parramatta, huku Australia. Tunaandika programu inayopokea oda za vifaa vya wagonjwa wanaouguzwa nyumbani na kuzituma ghalani Ingleburn. Moyo wake ulisimama akipanga viti vya kanisa.

Kabla ya kuandika code alipakia maboksi miaka sita kwenye ghala hilo hilo. Java, lugha tunayoandikia programu, alijifunzia kwenye treni ya kutoka Penrith, na mnaijua ile treni ilivyo ndefu.

Kwenye Java kuna makosa ya aina mbili. Checked unayatangaza mlangoni mwa code yako, na kila anayeiita analazimika kusema atafanya nini yakitokea, la sivyo haikubali hata ku-compile, yaani kugeuzwa kuwa programu inayofanya kazi. Unchecked hayamlazimishi mtu. Vijana wa ofisini wanapenda hayo ya pili. Espoir alikuwa wa checked mpaka tukambatiza mtu wa forodha.

Kosa la oda kushindwa kutoka alilipa jina la Kiswahili kabisa, OdaImekwama. Lead wetu, yaani kiongozi wa timu, Muaustralia, akauliza hicho ni nini. Espoir akamwambia atazoea. Likapita.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza compiler ilinisumbua na hiyo OdaImekwama, nikaidaka na kuiacha tupu, bila kuandika ifanyiwe nini. Kelele zikaisha, nikaenda kunywa chai. Kuanzia hapo oda zilizokwama zikawa zinaonyesha zimeshafika.

Espoir alipogundua, angeweza kunianika kwenye review, pale wenzako wanapokagua code yako. Hakuandika kitu. Mchana ule alinipandisha gari mpaka Ingleburn, akaniketisha kando ya mama anayepokea simu. Mzee mmoja wa Villawood alikuwa akiulizia mipira ya mkojo ya mkewe, siku ya tatu hiyo. Yule mama akamwambia imefika, maana ndivyo skrini ilivyomwonyesha.

Nililia pale parking. Espoir akanipa tishu, akasema, "Dada Mwanaidi, kama unajua kitu inaweza haribika, sema mbele. Usimufiche mwenye anakungoja."

Tulirekebisha siku ile ile. Wali wangu wa nazi aliula wote, eti faini.

Leo asubuhi nafungua kompyuta, lead ameleta mabadiliko. Checked zote ziwe unchecked, zidakwe sehemu moja huko juu, ziandikwe kwenye log, daftari la matukio ya programu, kazi iendelee. Hoja anayo: lugha nyingi mpya za programu hazina checked kabisa, na wavivu kama mimi ndio tunaoziacha tupu. Lakini log yetu haisomwi na mtu, na yeye anajua. Oda ikikwama, hakuna atakayelazimika kumwambia mgonjwa.

Mabadiliko hayawezi kuingia bila idhini ya mtu wa pili. Huyo mtu wa pili alikuwa Espoir, sasa ni mimi. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na anayeamua kuurefusha ni huyo huyo lead. Kaja mezani kwangu taratibu, kasema, "Just approve it, Mwana. He's gone, mate." Yaani niidhinishe tu, Espoir hayupo tena.

Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa kwa adabu. Nimemjibu kwa adabu kwamba siidhinishi. Kisha nikabonyeza Request changes, kitufe cha kuyarudisha yarekebishwe, nikaeleza habari ya mzee wa Villawood mahali ambapo ofisi nzima inasoma. Kosa langu la mwaka ule nimeliandika pia, kwa jina langu kamili.

Wakitaka kunitoa, wanitoe. OdaImekwama haitoki kwa mkono wangu.

Kaka, hukuniaga, na nitakukasirikia mpaka nichoke. Lala bila wasiwasi. Niko macho.