Dada Aliyezikwa Katika Kitabu Kipya

Mwanamke ambaye wasomaji wa maktaba yetu tulimwita Bibi Jalada alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mwingine, nayo ni kuvivika vitabu vipya. Sanduku lilipofika, alilifungua juu ya meza ndefu iliyo nyuma ya kaunta, akakivisha kila kitabu nailoni angavu, kisha akakibandika utepe mgongoni. Utepe wa buluu ulikuwa wa hadithi za kubuni, na mwekundu wa vitabu vya mambo ya kweli. Alipokwisha, alivipanga kwenye rafu inayokabili mlango, nasi tuliokuwa tukijifanya tunasoma magazeti tukainuka sote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama.

Katika vitabu vyote hivyo hakusoma ila ukurasa wa mwisho. Asidhani mtu kuwa ni uvivu. Muuza vitabu mmoja aliwahi kuleta riwaya zilizokosa kurasa za mwisho, na mwalimu mmoja mstaafu akarudi maktabani ametoa macho, akidai aambiwe papo hapo muuaji ni nani. Tangu aibu hiyo, Bibi Jalada hakukiruhusu kitabu kutoka kabla hajahakikisha kwa macho yake kwamba kina mwisho.

"Wewe dada," mkutubi mkuu alizoea kumtania, "unajua mwisho wa kila jambo, mwanzo wa hata moja hujui."

"Mwanzo hakuna anayekuja kunigombeza kwa ajili yake," naye humjibu. "Wanaonigombeza wote ni wa mwisho."

Asubuhi ninayoisimulia, alitoa sandukuni kitabu chenye picha ya kaka yake nyuma ya jalada. Kaka huyo alikuwa mpima ardhi, na tangu alipostaafu alijifungia chumbani akiandika, asimwambie mtu anaandika nini. Alikuwa amepatana na mkutubi mkuu kwa siri kwamba kitabu kifike katika sanduku pamoja na vingine, ili dada yake akikute kazini na afurahi mbele ya watu. Na kwa hakika alifurahi. Alipiga kigelegele ndani ya maktaba, mahali ambapo yeye mwenyewe hutukaripia tukikohoa.

"Njooni mwone! Ni kaka yangu huyu! Ona alivyojikausha, utadhani anapima kiwanja!"

Tukamzunguka, tukampongeza. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akafungua ukurasa wa mwisho.

Nimesoma katika vitabu vya kale habari za watu waliofikiwa na neno zito, wakaanguka wakazimia au wakararua mavazi yao. Yeye hakufanya lolote katika hayo. Uso wake ulikauka, na mkono wake ukaendelea kulainisha nailoni iliyokwisha kulainika, ukienda na kurudi, kana kwamba mkono ule haujapata habari.

"Nimekufa," alisema.

"Umesemaje?" mkutubi mkuu akauliza.

"Kaka yangu ameniua humu. Soma."

Mkutubi mkuu alivaa miwani, akasoma kwa sauti iliyopungua kila neno: "'Dada yangu tulimzika mchana wa jua kali, nami nilikibeba kitambaa chake cheupe mpaka kaburini. Tangu siku ile sikupata dada mwingine wa tumbo moja.'"

"Na jina alilolitaja hapo juu?"

"Ni lako," mkutubi mkuu alinong'ona. "Hukuwa na dada?"

"Kwetu tumezaliwa wawili. Yeye na mimi. Basi." Aliunyosha mkono kuchukua utepe wa buluu. "Hiki ni cha kubuni."

"Ngoja kwanza. Mchapishaji amekitaja kuwa ni maisha yake ya kweli. Sisi hatubadilishi."

"Basi nishike mkono, usikilize kama mapigo yapo! Maiti gani huja kazini na mwavuli?"

Mmoja wetu alicheka, akajuta. Mkutubi mkuu alimvutia kiti, akamwambia kwa upole, "Dada, kwa leo tu, anza mwanzo."

Akaanza. Tulirudi kwenye magazeti yetu, lakini sidhani kama yupo aliyefunua ukurasa. Katika sura ya pili kaka yake alisimulia jinsi mama yao alivyojifungua mtoto wa kike hospitalini, mtoto akafariki kabla ya kutoka, akazikwa na jina lake. Na jinsi mama huyo, baada ya siku chache, alivyoingia nyumbani na kitoto kingine, akakiita kwa jina lile lile. "Nilikuwa mdogo," aliandika, "nikaamini kwamba Mungu amemrudisha." Kitoto hicho ndicho sasa kilichoketi mbele yetu, mwanamke wa makamo, gundi ikiwa ingali vidoleni. Alifunga kitabu, akakitia ndani ya mkoba wake bila ya kukibandika utepe, akatoka. Mwavuli aliusahau. Mkutubi mkuu, ambaye hajapata kuruhusu kitabu kitoke bila kuandikishwa, alimfungulia mlango.

Yaliyofuata alitusimulia Bibi Jalada mwenyewe, nami nayaleta kama alivyoyasema.

Mama yake, kikongwe asiyeweza tena kutembea bila fimbo, aliishi naye, na kila adhuhuri huketi uani akiianika miguu yake juani. Siku hiyo kaka alikuwepo pia, amevaa shati jipya, akimngoja dada yake arudi na furaha.

"Umekiona!" kaka aliruka kitini. "Haya niambie, umefika wapi?"

"Nimefika kaburini kwangu."

Tabasamu la kaka likakatika. Alimgeukia mama yao. "Mama, si uliniambia umeshamwambia? Siku aliyoolewa?"

"Nilisema nitamwambia."

"Ulisema umeshamwambia, Mama! Nimeishi miaka yote hii nikidhani anajua, ila kila mmoja anaona haya kulianza!"

"Siku ile mvua ilinyesha, wageni wamejaa, viti havikutosha. Ningemwambia saa ngapi?" Kikongwe alisita, halafu nuru nyingine ikamjia usoni, na fimbo ikanyanyuka. "Ngoja. Wewe umeandika? Kitabuni? Watu waazime, wapeleke majumbani mwao, wasome wamejilaza? Mwana usiye na haya wewe!"

"Mama, nilijua—"

"Hukujua kitu! Ulipima mashamba ya watu, ukaona na tumbo langu ulipime!"

"Mama," Bibi Jalada alisema, "umgombeze baadaye. Sasa nijibu mimi. Mimi ni nani?"

Fimbo ilishuka. Mama alitazama vidole vya miguu yake.

"Mwenzangu wa kitanda cha pili alijifungua, akafa," alisema. "Wewe ulilia mchana kutwa. Mimi wangu ameshazikwa, na maziwa yamenijaa mpaka homa imenipanda. Mkunga akakuleta, akasema, mnyonyeshe huyu kidogo, upate nafuu. Nikakunyonyesha. Jina nilikuwa nalo kinywani, sina wa kumwita. Nikakuita. Ukanyamaza."

"Na yeye aliitwa nani? Aliyenizaa?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza, Mama?"

"Ndugu zake walikuja wakachukua maiti. Mkunga aliniambia wamesema kitoto hawakiwezi, nyumba yao ina dhiki. Nilijifunika shuka gubigubi, nikajifanya nimelala. Niliogopa nikiuliza jina, wataniona, watabadili nia, watakutaka." Aliikaza mikono yake kwenye fimbo. "Nilikuiba, mwanangu, wala hapana aliyenikimbiza."

Bibi Jalada alituambia kwamba kifo chake kitabuni hakikumshtua kama maneno haya. Alikuwa ameingia uani akiogopa kuambiwa kwamba aliokotwa. Akakuta kwamba kuna mtu aliyemtaka kiasi cha kujificha chini ya shuka kwa hofu ya kunyang'anywa, na kwamba kwa sababu ya hofu hiyo hiyo mwanamke aliyemzaa alizikwa, na yeye asilijue hata jina lake. Hakujua aanze kumshukuru mama yake au kumkasirikia. Kaka yake alikuwa ameketi sakafuni, shati jipya likiwa na vumbi, analia kwa kwikwi.

"Nitaandika barua kwa mchapishaji," alisema. "Wavirudishe vyote."

"Na hicho ulicho nacho kifungie kabatini," mama akamwambia binti yake. "Ufunguo nipe mimi."

Bibi Jalada aliukumbatia mkoba wake. Kisha akasema, "Hapana. Kitaazimwa."

"Watu watakusema!"

"Waniseme. Mama, yule mwanamke alikuwa na ndugu. Huenda wana watoto, na watoto wao wanasoma. Sina jina la kuwatafutia. Nina kitabu tu."

Hapo ndipo kikongwe alipotambua kwamba hofu aliyoizika tangu hospitalini ilikuwa imefufuka na kusimama uani kwake.

"Na wakija?" aliuliza, kama mtoto anavyouliza.

"Wakija watanikuta hapa, nikikuhamisha kivulini. Leo jua limekuzidi."

Akamshika kwapani ili amwinue, lakini mama alimkamata mkono, na hakuuachia hata walipokwisha kufika kivulini, wala chakula kilipoletwa. Kila mmoja akala kwa mkono uliobaki.

Kesho yake kitabu kilikuwa rafuni na utepe mwekundu mgongoni. Kiliazimwa kabla ya adhuhuri, na tangu hapo hakijapata kulala maktabani, maana wanaokisubiri ni wengi, na wengine hutoka mitaa ya mbali. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye alipolazwa yule mzazi. Sisi tunaloliona ni kwamba anapokuja mgeni kukiazima, Bibi Jalada hutoka mezani kwake, humkabidhi mwenyewe, na kabla ya kukiachia humtazama paji la uso, pua na masikio, taratibu, mpaka mgeni huyo huanza kujipangusa akidhani ana uchafu usoni.