Vitabu vya Vita Nilivyomsomea Mzee Anselme

Kuna alasiri moja ya Cyangugu ambayo mpaka leo nikiikumbuka, mwanangu, kichwa changu hakitulii. Uliponipigia simu juzi na kuniuliza mimi shangazi yako, "Tantine, nisome vitabu gani ili nielewe vita?" nilikujibu kwamba nitafikiri kwanza. Nimefikiri. Jibu lililonyooka bado sina, ila nina habari ya kukusimulia, nayo inamhusu baba yako.

Wakati huo familia yetu ilikuwa imerudi Rwanda kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tulikozaliwa mimi na baba yako Fidèle. Mama yetu alivuka mpaka kila asubuhi na vitenge vyake. Mteja wake mmoja wa hapo Cyangugu aliishi na baba yake, mwanajeshi wa zamani aliyeitwa Mzee Anselme. Macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na mguu wake mmoja haukukunjika. Chumbani kwake palikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu vya Kifaransa, vyote vya vita: historia za majeshi, mafundisho ya mbinu, na maandishi ya wanafalsafa wanaouliza kwa nini watu wanapigana. Alivipenda, na hakuweza tena kuvisoma. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na sina kazi, basi wakanichukua nimsomee. Tulikaa sebuleni kwake, palipotazama ziwa, nikipaza sauti kila boti ilipopita.

Mwanzoni sikuelewa kitu. Nilisoma kitabu cha jemadari mmoja aliyeshinda mapigano mengi, naye alisema ushindi ni kazi ya akili. Kilichofuata kilikuwa cha ofisa aliyeshindwa, akasema yote ni bahati na matope. Halafu mwanafalsafa akaandika kurasa na kurasa kwamba vita vinaweza kuwa vya haki, na mwenzake akaandika vilevile kwamba haviwezi. Kila mmoja nilipomsoma nilimwamini. Siku moja nikachoka, nikamuuliza mzee:

"Papa, sasa nani anasema kweli? Wa jana alisema mwenye akili njo anashindaka. Wa leo anasema ni shansi tu."

"Bote banasema kweli," akanijibu. "Soma."

Nilidhani ananitania. Nilipomtazama, hakuwa anacheka.

Fidèle alikuwa akija kunichukua jioni, na akifika mapema alikaa kizingitini akisikiliza. Yeye hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alimpenda yule jemadari. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alinieleza upya jinsi jeshi lilivyovuka mto na kumzunguka adui, mikono ikienda huku na huku, hadi watu wakatugeukia. Shamba la mjomba kule Giheke, alikokuwa akifanya kazi, likaanza kumchosha. Kisha akanipasulia jambo. Vijana tuliokua nao Bukavu walikuwa wanajiunga na kundi la wapiganaji ng'ambo. Jumamosi gari lingekuja kuwachukua upande wa Bukavu, na yeye alitaka kwenda.

Nilimsihi na kulia. Nikamwambia atamuua mama. Hakunisikia. Akasema atamuuliza Mzee Anselme, kwa kuwa yule angalau anajua anachokisema.

Ndiyo alasiri ninayokuambia. Fidèle aliingia, akasimama katikati ya sebule.

"Papa, miye minataka kwenda kupigana. Niambie ni kitabu gani inafundisha kushinda."

"Njo ile iko kwa mikono ya dada yako," mzee akasema. Nilikuwa nimeshika kitabu cha jemadari. "Ile vita ya kuvuka mto, unaijua? Twaa makaa kwa jiko, uchore hapa chini."

Fidèle akapiga magoti, akachora juu ya saruji: mto, kilima, vikosi vya jemadari huku, adui kule. Mzee hakuona mchoro, kwa hiyo Fidèle alimweleza kila mstari. Sauti yake ilijaa fahari. Mzee alitikisa kichwa akikubali.

"Ni vile. Umeelewa muzuri kupita miye wakati nilikuwa kijana. Sasa nionyeshe: bamama ba pale banatekaka mayi wapi?"

Fidèle akanitazama. Nikafungua kurasa, nikarudi nyuma, nikaenda mbele.

"Haiko ndani, Papa," nikasema.

"Na manyumba?"

"Haiko."

Mzee akaupapasa mguu wake usiokunjika. "Miye nilipita pahali kama pale," akasema. "Niko na bunduki, niko na kitabu kama hiyi ndani ya mufuko. Kulikuwa bantu kwa mto. Mpaka leo sijue kama tulifanya muzuri ao mubaya."

"Basi unanikataza?" Fidèle aliuliza, na hasira ilikuwa imeshampanda.

"Hapana. Kuko siku vita inaingia kwa nyumba yako, na muntu hana njia ingine. Miye niliingia jeshi juu ya ile. Wewe usiende tu sababu ya kitabu."

Fidèle alitaka kusikia ndiyo au hapana. Alitoka bila kuaga, nikamfuata. Njiani alisema neno moja tu: "Ule muzee amenichanganya kichwa." Nami nilikuwa nimemkasirikia mzee. Nilitaka amkataze, na alikuwa na uwezo huo. Kwa nini hakumkataza?

Jumamosi Fidèle alivaa viatu vyake vizuri akateremka kuelekea daraja la mpaka. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mbele ya ofisi za mpaka huku wamama wakimpita na mabeseni ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakimwomba asogee. Hakuvuka, wala hakurudi. Mwishowe aliketi juu ya ukuta mfupi, nami nikaenda kuketi karibu naye.

"Unaenda?"

"Sijue."

"Basi turudi nyumbani."

"Sijue, nimesema!"

Tulikaa hivyo hadi jua likageuka. Gari halikumngoja. Tuliporudi nyumbani alilala bila kula, na kwa wiki nyingi hakunisemesha, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia.

Sasa sikiliza ninapokwama. Mmoja wa walioondoka alirudi na cheo, akawajengea wazazi wake nyumba nzuri Bukavu. Mwingine, Justin, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote katika kwaya yetu, hajarudi. Mama yake akiniona sokoni bado ananiuliza kama nimesikia lolote. Wewe ulipokuwa unaanza kutembea, baba yako aliniambia: "Pengine ningemuchunga Justin. Pengine tungekufa bote." Mzee Anselme nilimsomea mpaka alipofariki, na kila tulipomaliza kitabu nilitamani kumuuliza tena nani anasema kweli. Yeye alisema tu nianze kingine.

Kwa hiyo, mwanangu, soma. Soma jemadari aliyeshinda, kisha mtafute aliyeshindwa katika mapigano yaleyale. Jifunze mbinu za vita, maana asiyezijua hudanganywa kwa urahisi na wenye maneno makubwa. Wanafalsafa usiwakimbilie, wasome polepole, ugombane nao. Halafu utafute yaliyoandikwa na wauguzi, wakimbizi na wajane, hata kama hayamo katika orodha ya mwalimu wako. Ukifika kwenye ukurasa unaokufanya utamani kuwa kule, funga kitabu uende ukale na watu. Mpigie baba yako. Na ukimaliza kitabu cha vita ukaona kila kitu ni wazi, jua kwamba unahitaji kingine. Usione haya kuchanganyikiwa. Anayesema "sijue" bado anauliza, na kuuliza kunachukua muda, na katika muda huo mtu anaweza kubaki hai.

Mungu akutangulie katika masomo yako, mwanangu. Akupe akili isiyo na haraka na moyo usiokauka. Akufikishe uzeeni ukiwa na meno ya kutafunia mahindi, na wajukuu wakusumbue kwa maswali utakayoshindwa kuyajibu.