Sufuria Isiyoonjwa

Ta. Kisha kimya. Kisha ta-ta, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha, na mara tatatata mfululizo chini ya kifuniko. Ukimuuliza Bi Sionji kazi yake ilianzia wapi, hatakutajia mwaka wala mtaa. Atakutajia sauti hiyo: mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta ya moto, jikoni kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekaa ghorofani, siku alipoajiriwa kuosha vyombo.

Alikuwa msichana wa maswali. Nyumbani walimtania kwamba angezaliwa na mdomo mdogo kidogo, ukoo mzima ungepata usingizi. Kule ghorofani alijikaza mwanzoni, lakini jambo moja likamshinda. Mwenye nyumba alipika tangu kuwasha moto mpaka kuepua bila kuonja. Hakuramba mwiko, hakudondoshea mchuzi kiganjani. Aliinamisha sikio juu ya sufuria, akavuta harufu, akatikisa kichwa, akaendelea. Msichana akauliza kwa nini.

Mama yule alimjibu kwa swali. Wewe ukialikwa kwa watu, utafurahi kuletewa chakula ambacho mdomo wa mwingine umekwisha kukipitia? Basi pale kwake mgeni wa kwanza alikuwa Mungu. Sehemu ya kwanza ilitengwa kwenye kisahani, ikapelekwa kwenye meza ndogo ya sala, na mpaka hapo ulimi wa mpishi ulikuwa likizoni.

Msichana akafikiri, akauliza tena: na chakula kikiharibika, je?

Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika kiuno. Simu ikalia sebuleni, akaenda kuipokea, na swali likabaki linaning'inia juu ya jiko kama moshi. Baadaye familia ile ilihama. Msichana akawa mwanamke, akaolewa, akafungua shughuli yake mwenyewe ya kupanga na kupikia sherehe, na bado hakuna aliyemjibu.

Sasa anapika mahafali, anapika siku za kuzaliwa, anaaga wastaafu kwa vyakula ambavyo ofisini walikuwa hawavioni. Lakini harusi za Wahindi ndizo zilizomtoa. Si kila familia inafuata masharti yale, ila zile zinazoyafuata zinamtafuta yeye, maana ameshazoea kupika kwa masikio na pua. Anajua wali umebakiza maji kiasi gani kwa namna unavyonong'ona. Dengu zikikaribia kuiva, anasema, sauti yao inakuwa nzito kama ya mvulana anayebalehe. Waliompa jina la Sionji ni wauza matunda wa sokoni, walipochoka kumbembeleza aonje machungwa yao. Walidhani watamuudhi. Akalichora kwenye mlango wa gari lake.

Anafanya kazi na watu wawili wa karibu. Mmoja ni mumewe, ambaye alikuja kumfungia turubai kwenye sherehe moja akafungwa yeye, na hadi leo anashughulikia maturubai, viti na taa. Mwingine ni wifi yake, mwanamke wa mikono myepesi na kumbukumbu nyepesi zaidi. Katika jiko ambalo hakuna anayeonja, wasiwasi mkubwa ni chumvi: kutiwa mara mbili, au isitiwe kabisa. Kwa hiyo wana alama. Anayetia chumvi hulaza mwiko juu ya kifuniko. Sufuria yenye mwiko mgongoni imekwisha kupata chumvi yake, usiiguse. Alama hiyo ilikuwa haijawahi kuwaangusha.

Iliwaangusha mchana wa harusi ambayo mama wa bibi harusi alikuwa ameipanga kwa moyo wa kutetemeka. Bibi yake bwana harusi, mzaa baba yake, alikuwa haweki kinywani chakula kilichopikwa nje ya nyumba yake. Safari hii alikubali, kwa kuwa aliahidiwa kwamba mpishi haonji. Mama wa watu alimwambia Bi Sionji wazi: yule bibi akila, binti yangu ataingia kwao kama mtoto wao. Asipokula, ataingia na deni la aibu ambalo hakulikopa.

Chakula kilipokaribia kuiva, habari ikaja kwamba bibi mwenyewe anataka kuliona jiko. Mumewe Bi Sionji akasikia mgeni anakuja. Na yeye, mtu wa kunyoosha mistari ya viti kwa kamba, akaona aibu kiasi cha kusahau alama. Aliikusanya miiko yote kutoka juu ya vifuniko, akaiosha, akaipanga mezani kwa urefu, mdogo hadi mkubwa.

Bi Sionji alirudi kutoka ukumbini akasimama mlangoni. Akatazama vifuniko vitupu. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anatabasamu akisubiri kusifiwa.

"Baba watoto," akasema taratibu, "umeninyoa bila maji."

Wali na mboga alivitia chumvi mwenyewe, hivyo havikumtisha. Utata ulikuwa kwenye sufuria kubwa ya dengu, aliyokuwa amemwachia wifi yake. Wifi akafumba macho kutafuta. Anakumbuka ameshika chumvi mkononi. Anakumbuka ameitwa nje kupokea barafu. Katikati ya mkono na barafu palikuwa peupe kabisa, hakumbuki kitu. Mume, kwa kutaka kujikomboa, akashauri watie nusu. Bi Sionji akamuuliza kama mkewe anaweza kuwa na mimba nusu. Wifi akasema basi zipelekwe hivyo hivyo na vikopo vya chumvi mezani. Akajibiwa kwamba mgeni anayejitilia chumvi kwenye harusi ataisimulia mpaka kwenye harusi ya mjukuu wake.

Mume akasogea karibu, akashusha sauti. Ncha ya kidole tu, mke wangu. Sisi tutatazama ukutani.

Na kweli wote wawili wakageukia ukuta. Bi Sionji akafunua kifuniko. Dengu zilikuwa zinatokota polepole, za manjano, zenye harufu nzuri, zimefunga siri yao. Kidole kilikuwa karibu. Lakini alijua kwamba akionja, kile atakachopakua kitakuwa kitu kingine kabisa, hata kama hakuna atakayejua, na bibi yule atakula ahadi ambayo haipo. Akafunika. Pale ndipo lile swali la ujana wake lilipomrudia, bichi kama siku lilipoulizwa.

Bibi akaingia akiwa ameshikwa mkono na mama wa bibi harusi. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyotulia. Bi Sionji akamwamkia, shikamoo bibi, akaitikiwa marahaba, na kabla hajapewa kiti bibi alikuwa ameshauliza gesi inatoka wapi, nani kakata karoti hizi, na kwa nini miiko imepangwa kama wanafunzi paredini. Mume akatazama viatu vyake.

Bi Sionji akamweleza yote bila kuficha. Mama wa bibi harusi akashika ukingo wa meza. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kupoteza, mpishi akauliza.

"Bibi, tangu usichana wangu nauliza, sijajibiwa. Chakula kikiharibika kabla hakijapelekwa kwa Mungu, inakuwaje?"

Bibi akamkodolea macho kama mtu aliyekutana na ndugu yake njiani.

"Wewe ukialikwa kwa rafiki yako, ukakuta mchuzi hauna chumvi, unafanyaje?"

"Nakula. Nanyamaza."

"Basi na Yeye anajua namna ya kuwa mgeni. Mimi nimemlisha mabaya mengi, na hajanihama." Akakaa. "Tenga kisahani, kipelekwe kama kilivyo. Baada ya hapo onja, mwanangu, watu wana njaa."

Kisahani kikapelekwa kwenye chumba kidogo kando ya ukumbi, kwenye meza ya sala, na bibi akanong'ona maneno yake. Aliporudi jikoni akaitikia kwa kichwa. Bi Sionji akachota kijiko, akapuliza, akaonja.

Hakukuwa na chumvi hata chembe.

Wifi akaketi juu ya gunia la viazi, akacheka huku akifuta machozi. Chumvi ikatiwa, dengu zikakorogwa, na mwiko, kwa heshima zote, ukalazwa juu ya kifuniko na mume mwenyewe. Sahani ya kwanza ya watu ilikwenda kwa bibi. Mama wa bibi harusi alisimama nyuma ya kiti chake na hakuondoka mpaka alipoona bibi anafuta sahani kwa kipande cha mkate na kumwashiria bibi harusi aje akae karibu yake.

Ukumbi ulipochangamka, Bi Sionji alitoka kimya kimya akaenda kwenye chumba kidogo. Yeye husali kwingine, lakini mgeni ni mgeni. Kisahani cha dengu kilikuwa bado pale. Akaweka kando yake kikombe kidogo, akainama, na kusema kwa sauti ambayo hata mbegu ya haradali ingeizidi:

"Samahani. Chumvi hii hapa."